Nywele Zilizowekwa Kijamandani

Mbwera,
Wilaya ya Rufiji.
6 Oktoba 1991.

Mpendwa mwanangu Salama,

Assalamu alaykum. Natumai karatasi hii itakukuta ungali ndani kwenye uzazi wako, na mjukuu wangu ananyonya mpaka anasinzia titi likiwa mdomoni. Je, mgongo umepoa? Unakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, au mkishakuwa watu wa Tanga mnaona hayo ni mambo ya shamba? Usiruke hata siku moja. Maziwa yakiwa machache kunywa uji wa pilipili manga, na ukali wake uuvumilie, sisi wote tuliuvumilia. Mume wako Haidari mpe mkono wangu wa hongera.

Huku tu wazima, alhamdulillahi. Mjomba wako Kibwana kile kifua kimempoa, sasa kinachomsumbua ni maneno mengi tu. Mpunga wa mwaka huu haukuwa haba, ndege walikula wao nasi tukala wetu. Mvua za vuli bado hazijaonekana. Mimi mwenyewe ni mzima isipokuwa kichwa, na habari ya kichwa ndiyo itakayoijaza barua hii, kwa kuwa ndiyo uliyoniuliza.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usiucheke mwandiko, ni wa darasa la ngumbaru na mwalimu wetu alikuwa na haraka. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie, lakini maneno haya sikutaka yapite mkononi mwa mtu mwingine kabla hayajafika kwako.

Barua yako niliipokea kwa Sadala aliporudi na boti kutoka mjini. Nilikuwa napepeta mchele, nikauweka ungo chini, na siku ile sikuurudia tena. Unasema mama mkwe wako amesikia kwamba mama yako, Mwantum, anafunga nywele za wanawake wenzake kwa uchawi, na kwamba sisi wa Mbwera tunapukutika vichwa kwa mkono wake. Kwa hiyo hataki mama yako akanyage kwake siku ya arobaini mtoto atakaponyolewa, wala amshike mtoto, mpaka ukweli ujulikane. Unaniuliza mimi, dada wa mama yako, kama ni kweli.

Si kweli, mwanangu. Nimeliandika hilo mwanzo ili usisome yaliyobaki huku moyo unakwenda mbio. Lakini najua mama mkwe wako atasema lisemwalo lipo, na atataka kujua lilianzia wapi. Basi mwambie lilianzia kwangu.

Wewe uliolewa ukaondoka hujafikia umri wa kuhangaika na kichwa, kwa hiyo nikueleze. Kila mwaka mpunga ukishaingia ndani, nywele zetu huanza kuachia. Unachana, chanuo linarudi na kichaka. Zamani tulikuwa hatusemi kitu, maana baada ya muda zinaota tena na mtu anasahau. Mwaka huu zimezidi. Mwanaamina, yule bibi jirani yetu, paji la uso limepanda hadi utosini. Mimi nina upara juu ya sikio la kushoto, mpana kama mdomo wa kikombe, na mjomba wako ameniuliza kama nafanya kiwanja cha ndege. Wanawake wa hapa sasa hata kwenye kuoga hatuvui ushungi.

Tulitafuta sababu kama watu waliopoteza mbuzi. Kwanza tukakishika kisima, kwa kuwa maji yamezidi chumvi, tukawa tunakwenda kuteka mbali mpaka viuno vikatuuma. Nywele zikaendelea. Tukasema basi ni hizi sabuni za kigeni zilizojaa madukani tangu mambo yalipolegezwa, sabuni inanukia ua lakini inakwaruza kama mchanga. Tukarudi kwenye sabuni ya mche. Nywele zikaendelea. Mwingine akasema ni rangi ya khanga mpya, inatoka jasho likiingia, na kweli mto wangu ulikuwa umegeuka kijani.

Halafu kulikuwa na kalikiti. Hili nakwambia wewe peke yako. Nilipokwenda Kibiti mwezi wa pili niliona wasichana wamelainisha nywele zinang'aa mafuta mpaka mabegani, nami na utu uzima huu nikanunua kopo, nikapaka, nikajiona mtoto. Nywele zilipoanza kutoka nilidhani ndiyo adhabu yangu. Lakini Mwanaamina hajui kalikiti ni kitu gani, na yeye ameisha kuliko mimi.

Sasa nikwambie habari ya kijamanda, maana hicho ndicho kilichofika Tanga kabla ya barua yangu.

Unakumbuka msimu wa kuamia ndege wanawake tunahamia shambani tukalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, na mchana ndege wakitulia tunasukana. Mkono wa mama yako unaujua. Anasuka bila kuumiza, na mtu anasinzia mapajani mwake kabla hajafika katikati ya kichwa. Nywele zinazobaki kwenye chanuo hazitupwi, kila mtu huzifukia zake. Lakini shambani utazifukia wapi, na chini ya dungu ni maji matupu? Ukizitupa, ndege wale wale tunaowafukuza watazijengea viota, na mtu ambaye nywele zake zimo kiotani kichwa chake hakitulii. Ndivyo tulivyolelewa, na sijapata kumsikia mtu wa kwetu aliyethubutu kujaribu.

Mimi ndiye niliyemwambia mama yako akusanye zetu zote kwenye kijamanda chake, kile kikapu kidogo chenye kifuniko, mpaka turudi kijijini kwenye nchi kavu. Mimi ndiye niliyemwambia asizichanganye, maana nywele zikichanganyika wenyewe hugombana. Nikamwelekeza azifunge kwa ukindu, fundo moja za Mwanaamina, mafundo mawili za Mwanahawa, matatu zangu, na wengine vivyo hivyo, ili siku ya kufukia kila mtu apewe zake. Wenzetu walijua Mwantum anaziweka. Habari ya mafundo tulikuwa tunaijua mimi na yeye tu, siku hiyo tukiwa wawili dunguni, na hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kutangaza.

Tuliporudi kijijini mama yako akaangushwa na homa. Akaniita akasema, "Dada, kijamanda kile kachukue ukafukie, mie jembe silishiki." Nikamwambia kesho. Kesho yake nikasema kesho. Kulikuwa na mpunga wa kuanika, ikaja harusi, mwisho nikasahau kabisa. Yeye alipopata nafuu alidhani nimekwisha kuzifukia. Kijamanda kikabaki juu ya uchaga wake nyuma ya vyungu, moshi ukakipaka masizi.

Mwanahawa akaenda kuazima chungu. Unamjua Mwanahawa, mke wa Khamisi muuza kamba wa baharini, mkono wake hutangulia macho. Mwenyewe kichwa chake kilikuwa kimeanza kuachia kama vyetu. Akapapasa nyuma ya vyungu, akakifunua kijamanda, akakuta nywele zimefungwa mafungu mafungu, mafundo juu ya mafundo, nyeusi kwa masizi. Hakumngoja mama yako atoke uani. Alikwenda nacho moja kwa moja kisimani, na kisimani saa ile ndiko tulikokuwa wote.

Nilikuwapo, Salama. Nilikuwa nimeshika kamba ya ndoo.

Mama yako akaja nyuma yake anahema, maana homa haikuwa imemwisha miguuni. Mwanahawa akamuuliza hiki nini. Akajibu kwa upole tu kwamba ni nywele zetu za shambani, zilikuwa zifukiwe.

"Na mafundo haya ni ya nini?"

"Muulizeni dada," mama yako akasema. "Ndiye aliyenielekeza."

Wote wakanigeukia. Nami nikasema, "Mie habari za vijamanda sizijui."

Nimesema hivyo kwa kinywa hiki ninachoswalia. Watu husema mdomo uliponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mdogo wangu niliyembeba mgongoni.

Utauliza kwa nini, nami nimejiuliza zaidi yako. Niliogopa. Binti zangu, dada zako Zaitun na Muzdalifa, wote wana wachumba, na unajua neno uchawi likishakalishwa kwenye nyumba posa hurudishwa hata kama mahari imekwisha kupokelewa. Hilo ndilo ninalowaambia watu moyoni mwangu ninapojitetea. Lakini kuna jingine la chini yake. Pale nilipoyaona mafundo matatu, niligusa upara wangu ndani ya ushungi, nikafikiri, kumbe huenda ni mimi niliyeturoga sote kwa kumwambia azifunge. Nikaogopa kuwa ni mimi. Ndipo nikamwachia yeye.

Mama yako hakubishana. Alinitazama, kisha akageuka akaenda zake. Wanaume wakakitupa kijamanda mtoni wakati maji yanatoka, ikawa basi.

Hakupigwa na hakufukuzwa, hilo ulijue usije ukalia usiku. Sisi watu wa huku tunamwadhibu mtu kwa adabu. Akisalimu anaitikiwa, lakini hakuna anayeongeza neno. Akifika kisimani, ndoo za watu zinajaa ghafla. Yeye aliyesuka maharusi wote wa Mbwera, mwezi uliopita bibi harusi wa jirani yake alisafirishwa hadi Kibiti kwenda kusukwa na watu baki. Khamisi naye anapeleka kamba wakavu hadi Tanga na mkewe humfuata, basi uvumi haukuhitaji stempu. Na mimi muda wote huo nilikuwa napeleka kwa mama yako samaki jioni, naweka mlangoni, naondoka. Nilijiona nina huruma sana.

Katikati ya mambo hayo nilikwenda Kibiti kwa ajili ya upara. Bwana mmoja wa zahanati aliniangalia kichwa, halafu akaanza kuniuliza habari za mwezi wa nne na wa tano. Mimi nikaona huyu hakunisikia, nimekuja na nywele za leo. Akasema nywele haianguki siku mwili ulipougua, inangoja miezi miwili mitatu ndipo iachie. Akauliza huko shambani tunalala na chandarua, nikacheka. Akauliza nani hakuugua homa wakati wa masika, nikakosa jina la kumpa. Akauliza tunakula nini.

Nikamwambia sisi watu wa Delta, samaki tunao na kamba tunao. Akasema, "Mnao najua. Mnakula au mnauza?" Wewe uliondoka kabla hawajaanza kuja hawa wanunuzi na masanduku yao ya barafu. Siku hizi kitu kikitoka majini hakifiki jikoni. Tunauza kila chenye mapezi na kila chenye miguu, tunanunua redio na vitenge, na shambani tunashindia ugali kwa mchuzi wa maji na chumvi. Sitasema bwana yule anajua kila kitu, mwenyewe alisema huenda kuna sababu nyingine asizozijua. Dawa hakunipa. Alinipa maneno, na nilirudi nimekasirika kwa kuwa nilitaka chupa.

Lakini njia nzima nilikuwa nahesabu. Aliyeugua sana ndiye aliyenyonyoka sana. Mama yako mwenyewe, Salama, nywele zake zimekwisha kuliko za Mwanaamina, anazificha tu. Hakuna aliyekitazama kichwa chake. Nilijua hivyo kabla ya barua yako kufika, na bado nikakaa kimya, kwa kuwa kusema kungenilazimu kusema na lile la kisimani. Hilo ndilo linalonikera zaidi kuliko lile la kwanza. Lile la kwanza lilikuwa la kushtukizwa, hili la pili nililala nalo nikaamka nalo.

Barua yako ndiyo iliyonitoa. Nilipoona mtoto mchanga anafichwa bibi yake asimguse, nikajiona kweli mimi ni mchawi, tena wa mchana.

Tuko kwenye Mfungo Sita na kijiji kilikuwa kinaandaa maulidi, basi siku ya kuchambua mchele wanawake wote walikusanyika kwa Mwanahawa. Mama yako hakualikwa. Nilikaa na ungo wangu mapajani, nikasema mbele ya watu kwamba mafundo yale niliyaagiza mimi, na kuyafukia nilitumwa mimi nikapuuza, na kisimani nilisema uongo. Nikavua ushungi wakaona upara. Nikawaeleza ya zahanati. Nikawataja mmoja mmoja, nani alikuwa na fundo moja na nani mawili.

Nilidhani nikishasema nitapumua. Nilijidanganya. Mwanahawa aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, halafu akasema, "Mbona siku ile hukusema, bibi we? Leo mdogo wako ana safari ya Tanga ndiyo umekumbuka. Kijamanda kimekwenda baharini, sasa hesabu mafundo unavyopenda."

Alikosea kuhusu mama yako, lakini kuhusu mimi alikuwa amesema kweli. Ukweli niliouchelewesha ulifika umenuka kama samaki wa juzi, na wa kulaumiwa si aliyeziba pua. Wapo walioniamini, niliwaona machoni, ila hawakutaka kuwa wa kwanza. Mwanaamina peke yake aliinuka, akakung'uta pumba kwenye khanga, akasema anakwenda kwa Mwantum akasukwe hizo tatu zilizobaki. Akaenda kweli. Wengine wakaendelea kuchambua mchele.

Nami nikamfuata mama yako. Nikamkuta amemaliza kumsuka Mwanaamina na anakunja mkeka. Nilimwambia yote, ya kisimani, ya zahanati, ya kwa Mwanahawa. Nilitaka anitukane. Yeye akasema, "Dada, siku ile wale sikuwatazama. Nilikutazama wewe." Akaingia ndani. Tangu hapo ananiitikia salamu, wala haongezi neno.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, na ombi hili naliona silistahili. Barua hii usiifiche. Msomee mama mkwe wako yote, kuanzia mwanzo hadi hapa, na palipo na aibu yangu usipunguze sauti. Mwambie mwenye mafundo ni Zabibu, na Zabibu ameyakiri kwa mkono wake. Kama kuna mwanamke wa Mbwera anayeogopwa kushika nywele za mtoto, awe mimi. Siku ya arobaini nilikuwa nije pamoja na mama yako, nilikwisha hata kumtengea mtoto khanga ya kumfunikia. Sitakuja. Nafasi yangu botini nimempa Mwanaamina, amfikishe mama yako Kibiti na kumpandisha gari, maana bado miguu yake haijakaa sawa.

Na wewe mwenyewe kula. Samaki wa Tanga usiwaache wapite mlangoni kwenda kwa wengine. Miezi michache baada ya uzazi nywele zako nazo zitaachia, wanawake wengi huwa hivyo. Zikiachia, usimtafute mtu.

Mjomba wako Kibwana anakusalimu, anasema mtoto akiwa na pua ya kwetu asilaumiwe yeye. Zaitun na Muzdalifa wanakusalimu, wanataka kujua jina. Mwanaamina anakuombea. Sadala anakusalimu. Nasi tunamsalimu Haidari na mama mkwe wako kwa heshima zote.

Salamu za mama yako sinazo. Nilipita asubuhi kumwambia nakuandikia, nikamwomba japo neno moja la kukupa. Alikuwa ameshafunga kitenge chake cha safari, na yai la kuchemsha liko mkononi analimenya. Akasema, "Zangu sizitumi kwako. Nitazipeleka mwenyewe, nikifunguliwa mlango."

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na mwanao, amjaalie mtoto ukuaji mwema, na moyo wa mama mkwe wako aulainishe kabla ya siku hiyo.

Ni mimi nikupendaye, nisiyestahili bado kuomba radhi wala kupewa,

Mama yako mkubwa,
Zabibu binti Mshamu.